Kuitunza bendi kwenye baa ndogo: pesa impate nani, lini, na vipi

Chenji itafute kabla ya kuingia. Ikifika saa nne usiku, kaunta nyingi za Mwanjelwa na Mafiati hapa Mbeya huwa zimeishiwa noti ndogo, na mwenye wekundu mmoja tu mfukoni, yaani noti ya elfu kumi, ama anautoa wote ama anaishia kupiga makofi. Uvunje mchana kwa wakala: noti tatu za elfu mbili na nne za elfu moja zinatosha mtu mmoja usiku mzima. Mwezi wa sita na wa saba, watu wakiwa wamevaa makoti mawili mawili, ziweke mfuko wa nje. Kupekua nguo mbele ya jukwaa huku wimbo unaisha ni aibu ndogo isiyo ya lazima.

Muda mzuri ni kwenye sebene, pale magitaa yanapochachamaa na watu wanacheza. Mwimbaji akiwa katikati ya ubeti usimsogelee: ukigusa maiki au kuigeuzia spika, italia mluzi ukumbi mzima. Pitia pembeni, uangalie nyaya. Jukwaa la baa ndogo mara nyingi ni sakafu tu, na waya wa gitaa ukichomoka solo limekwisha.

Mwimbaji mpe mkononi. Mpiga gitaa mikono yake ina kazi, basi mtilie mfuko wa shati au weka noti juu ya spika yake na uigandamize na kitu. Mpiga kinanda wekea juu ya kinanda, mbali na vitufe, na sarafu ya mia tano usiiweke hapo kabisa, maana ikipenya katikati ya vitufe ni kazi ya fundi. Mwanamke mwimbaji au mnenguaji anapewa mkononi, basi. Habari ya kuchomeka noti kifuani iachwe, hata kama meza yako inashangilia. Kurusha noti nako hakufai: zinakanyagwa, zinalowa bia, na wapita njia wanaziokota kabla ya wenyewe.

Wanaosahaulika ni mpiga drams, mpiga besi na fundi mitambo, kwa sababu wako nyuma. Ukitaka nao wapate, mpe kiongozi wa bendi elfu tano na utamke wazi, “Hii ya bendi nzima.” Usiposema, itahesabiwa ya aliyeipokea, na ugomvi wa kugawana utaanza wakati wa kufunga vyombo. Pale ambapo kiingilio ni kinywaji chako, toa zaidi kidogo.

Ukiomba wimbo, andika jina lake kwenye karatasi, uambatanishe elfu mbili, umpe kiongozi baina ya nyimbo. Wakiwa hawaujui, pesa hairudishwi. Kumnunulia mwanamuziki bia badala ya pesa kunamfaidisha zaidi mwenye baa, na mpiga drams akishalewa mwendo wa wimbo unayumba.

Kwa simu, uliza namba ya kiongozi au lipa namba ya bendi, si namba iliyoandikwa ukutani: mara nyingi hiyo ni ya baa. Soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Na kama unawahi bajaji ya Uyole, tuma au toa mapema. Wakishaanza wimbo mrefu, kiongozi hatapatikana hadi uishe.