Unapenda sayansi na uko Dar? Namna ya kupata mihadhara, ziara na vitu vya kufanya na watoto

Wakuu, kuna watu wengi hapa mjini wanapenda sayansi ila wanadhani ukishamaliza form four mlango umefungwa, labda uwe mwalimu au mtafiti. Sio kweli kabisa. Vitu vya kuona na kusikiliza vipo vingi, vingine bure, vingine hela ya nauli na kiingilio kidogo, shida ni kwamba matangazo yake hayakufikii kama ya tamasha la muziki, inabidi uyafuate mwenyewe. Naandika hapa ninavyofanya mimi, pamoja na swali moja ambalo naenda nalo kila mahali: "Mmejuaje?"

Anzia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, unashuka Posta unatembea kidogo tu. Makumbusho yalifunguliwa 1940 na hazina yake kubwa ni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo mmoja na binadamu, lile alilolipata mtafiti Mary Leakey kule bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Wengi wanafika pale wanapiga picha wanaondoka. Wewe simama. Angalia utosini, kuna ukingo wa mfupa umetokeza kutoka mbele kwenda nyuma, halafu weka vidole kwenye panja zako ubane meno kwa nguvu. Unausikia msuli unavyovimba? Huo ndo msuli wa kutafunia, kwako unaishia pembeni ya kichwa, kwake yeye ulipanda mpaka utosini ukajishikiza kwenye ule ukingo, sasa shusha macho uangalie magego yalivyo mapana ndo utaelewa alikuwa anatafuna kwa nguvu ya namna gani. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa hapohapo bila hata kusoma maelezo ukutani.

Kisha muulize mwongozaji kama unachokiona ni fuvu lenyewe au nakala, na umuulize lile swali: mnasema lina miaka milioni 1.75, mmejuaje? Jibu lake ni tamu sana. Hawakupima mfupa, walipima majivu ya volkano ya kwenye tabaka lile, kwa sababu ndani yake kuna potasiamu ya aina fulani inayogeuka pole pole kuwa gesi ya agoni, ukiijua kasi yake na ukapima gesi iliyojikusanya unapata umri. Majibu yalitoka 1961 na yalishtua watu, maana Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary na mtafiti mwenzake, alikuwa amekisia kama miaka laki sita tu. Ukitoka hapo Bustani ya Mimea iko jirani, ya tangu 1893 enzi za Wajerumani, pumzikeni humo kivulini.

Kuhusu mihadhara, sehemu za kufuatilia ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani, Muhimbili, Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni, na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ni rahisi kuipata maana hata kituo cha daladala kinaitwa Sayansi. Folo kurasa zao za Insta, na ukipita chuoni soma mbao za matangazo, huko ndo utakuta mambo ambayo mtandaoni hayajapostiwa. Mlimani wana Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ile usikose, wanafunzi na walimu wanatoa kazi zao nje unaongea nao ana kwa ana. Kuna pia Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011, hawa ni wanafunzi wa sekondari wanaoonesha tafiti walizofanya wenyewe, na nakwambia kweli, ukimuuliza binti wa form three "umejuaje?" utapata jibu lililonyooka kuliko la wataalamu wengi.

Getini usiogope. Sema unaenda mhadhara gani na ukumbi gani, beba kitambulisho, usivae kaptula, andika jina kwenye daftari, basi. Mhadhara wenyewe mara nyingi unakuwa Kiingereza lakini wakifika kwenye maswali uliza kwa Kiswahili bila wasiwasi, msemaji mwenyewe ni Mtanzania kama wewe na atafurahi. Fanya swali liwe fupi. Watu wanaharibu kwa kuanza na hotuba ya dakika tano halafu swali lenyewe halipo, na muda wa wenzao umeisha.

Ukitaka kuingia ndani kabisa, maabara au karakana, hapo ni ziara ya mafunzo na ziara ya mafunzo ni barua. Kusanya watu kumi au kumi na tano, wa mtaani, wa kanisani, wa msikitini, wazazi wa darasa moja, yoyote. Barua iwe ya ukurasa mmoja: sisi ni kina nani, tuko wangapi na umri gani, tunataka kuona nini hasa, tarehe mbili wachague moja, na namba ya mtu mmoja tu wa kupigiwa. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, baada ya wiki rudi au piga simu ukiwa na hiyo nakala. Barua ya "tunaomba kutembelea ofisi yenu" inakaa mezani, ila ya "tunaomba kuona mnavyopima ubora wa maji" inaenda moja kwa moja kwa mtu anayepima maji.

Sasa cha bure kabisa, na mimi ndo nakipenda kuliko vyote: ufukwe wa Oysterbay na Coco siku za bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na hapa kwetu siku hizo yanakuwa yametoka mbali kwenye saa nne asubuhi hivi. Nendeni saa tatu, mvae raba za zamani, kuna viumbe weusi wenye miiba hutaki kuwakanyaga. Kwenye vidimbwi mtaona kaa, kiti cha pweza (kiumbe mwenye umbo la nyota), jongoo bahari, ukibahatika na pweza mwenyewe. Mnaangalia, hamchukui, jiwe mkiligeuza mlirudishe lilivyokuwa maana chini yake ni nyumba za watu. Na huo mwamba mnaoukanyaga ni matumbawe ya kale, yaliota wakati bahari iko juu kuliko leo, chuchumaeni mtaona alama zake. Yaliyo hai yako kwenye visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo ni hifadhi tangu 1975, boti za Bongoyo zinatokea Slipway pale Msasani.

Pugu nako kuna msitu wa hifadhi na mahandaki yaliyochimbwa kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi), jioni popo wanatoka kwa wingi ajabu. Nenda na mwongozaji, kaa nje, usiingie humo ndani na usiguse popo.

Sabasaba, yale maonesho ya biashara ya Julai, watu wanaichukulia ya kununua vyombo tu, ila mabanda ya vyuo na taasisi za serikali ni darasa zima. Nenda siku za mwanzo, asubuhi, sio tarehe 7 yenyewe maana msongamano wake haukuruhusu hata kuuliza.

Na usiku angalia juu. Masika mawingu ni mengi, Juni na Julai ni nzuri, sogea Kigamboni kwenye giza, Msalaba wa Kusini utauona upande wa kusini mapema tu jioni. Mwezi ukipatwa angalieni kwa macho matupu bila shida, kama Septemba 2025 ulivyobaki mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku. Jua ni habari nyingine. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa lote kule Misri na Saudi Arabia, huku kwetu litaliwa kipande, kwa hiyo anzeni mapema kutafuta miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Miwani ya kawaida haitoshi hata uvae miwili, na filamu ya eksirei pia hapana.