Tatuu mpya kwenye joto la Tanga: namna ya kuitunza mpaka ipone

Tatuu nyingi zinazoharibika hapa pwani haziharibiwi na uzembe. Zinaharibiwa na mafuta mengi, nailoni iliyokaa siku mbili, na mikono inayogusagusa kila saa. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, na kuanzia Desemba hadi Machi jasho halikauki. Kidonda kilicholowa muda wote hufanya vigaga vinene na laini, na vigaga hivyo vikichomoka hutoka na wino. Kwa hiyo lengo ni moja: pakauke, ila pasipasuke.

Sindano huacha wino kwenye ngozi ya ndani, kama milimita 1 hadi 2 kutoka juu. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki 2 hadi 3, ya ndani inaweza kuchukua hata miezi 3.

Kabla ya kwenda kuchorwa, weka tayari sabuni ya maji isiyo na manukato (ya watoto inafaa), roli ya tishu nyeupe, losheni isiyo na harufu, na kopo dogo la mafuta ya mgando. Kopo liwe jipya, lisiwe lile la nyumba nzima ambalo kila mtu anachovya kidole.

Hatua ya 1: kutoa kifuniko

Kama umefungwa nailoni ya kawaida, itoe baada ya saa 2 hadi 4. Ikikaa zaidi, jasho hujaa chini yake na bakteria huzaliana. Ile plasta ya uwazi inayoshika ngozi huachwa saa 24 za mwanzo. Lakini ukiona majimaji meusi yamefika ukingoni na plasta imeachia, itoe hata kama muda haujatimia, maana mwanya huo ndio unaoingiza uchafu. Ibandue chini ya maji, ukiivuta sambamba na ngozi, usiivute kwenda juu.

Hatua ya 2: kuosha

Hapa ndipo penye kazi. Nawa mikono kwanza. Tumia maji ya vuguvugu. Kama nyumbani mnatumia ya kisima, yachemshe na uyaache yapoe. Tengeneza povu kiganjani, kisha pitisha vidole kwa mduara bila kusugua. Utasikia utelezi: ni majimaji ya mwili yaliyochanganyika na wino. Endelea taratibu mpaka vidole visiteleze tena, kwa sababu utelezi huo ukikaukia hapo ndio unaogeuka kigaga. Usitumie dodoki wala sabuni ya mche. Kausha kwa kugusisha tishu safi, uache dakika 10 papigwe na hewa. Mara 2 kwa siku zinatosha, 3 kama umetoka jasho sana.

Hatua ya 3: mafuta

Kwa mchoro wa ukubwa wa kiganja, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Sambaza mpaka ngozi ing'ae kidogo tu. Ukiona yanateleza au yanashika nguo, umezidisha, yapunguze kwa tishu. Siku ya 3 au ya 4 acha mafuta ya mgando, hamia kwenye losheni.

Sasa yale ambayo majirani watakushauri kwa nia njema. Spiriti huunguza ngozi changa. GV, ile dawa ya maji ya vidonda, inatia zambarau na kuficha wekundu unaopaswa kuuona mapema. Kupasua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kunatengeneza ganda gumu, na ile dawa haikutengenezwa kwa matumizi hayo. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi huchelewesha kupona na zinaweza kuichubua ngozi. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani ni mazuri sana, lakini kwa ngozi iliyokwisha kufunga.

Hatua ya 4: wiki ya kwanza na ya pili

Kati ya siku ya 4 na ya 14 ngozi itaambaa vipande vyembamba vyenye rangi, na itawasha sana. Usikune, usibandue. Piga kofi jepesi au weka kitambaa safi chenye maji baridi. Vaa dera au shati pana la pamba. Lalia shuka iliyofuliwa. Ikinata asubuhi, iloweshe kwanza, usiivute. Kama mchoro uko kwenye shavu la mguu na wewe ni mtu wa baiskeli, kama wengi mjini hapa, uangalie upande wa mnyororo: grisi kwenye kidonda ni balaa.

Kuogelea ufukweni Raskazone na kwenye chemchemi za maji ya moto za Amboni kusubiri wiki 3, au zaidi kama bado kuna vigaga. Watu husema chumvi ya bahari inasafisha kidonda, lakini bahari ya joto ina bakteria wa jamii ya Vibrio wanaopita kwenye ngozi iliyo wazi, na kwa mwenye ugonjwa wa ini wanaweza kuua. Kuoga kwa kata au bomba hakuna tatizo, ila kulowekwa ndiyo kubaya.

Dalili za kwenda hospitali

Wekundu na maumivu ya siku 2 au 3 ni kawaida. Si kawaida wekundu unaotambaa nje ya mchoro baada ya hapo, usaha, harufu, homa, au mistari myekundu inayopanda mguuni au mkononi. Nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili moja ikomae. Vipele vinavyowasha kwenye rangi moja tu, mara nyingi nyekundu, huashiria mzio. Uvimbe mgumu unaopita mipaka ya kidonda baada ya miezi huenda ni keloidi, na usikubali mtu auchore tena juu yake.

Hatua ya 5: kukagua

Ngozi ikishafunga, mchoro unaweza kuonekana na ukungu kwa wiki kadhaa. Usikimbilie kurudia. Wiki ya 6 hadi ya 8 piga picha kivulini mchana, uone palipokatika mstari au palipopauka, ndipo umpelekee mchoraji. Juani, kuanzia sasa, paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi.