Mtoto anayeshukiwa homa ya uti wa mgongo: nilivyomwelekeza tabibu wa zamu

Jumapili usiku tabibu kijana aliyepangiwa kituo kimoja hapa mkoani Kilimanjaro alinipigia simu. Mtoto wa miezi 9, homa siku ya pili, degedege mara 2, kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya. "Kaka, naanza dawa ya malaria, sivyo?" Anza, nikamwambia, ila usiishie hapo. Tuliongea karibu saa nzima. Haya ndiyo niliyomwambia.

1. Mwangalie mtoto kabla ya kuamini kipimo

Malaria na homa ya uti wa mgongo zinaweza kukaa pamoja ndani ya mtoto mmoja. Mtoto mkubwa atalia kichwa, atatapika, shingo itakakamaa, mwanga utamuumiza. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, shingo laini isikudanganye. Pitisha vidole utosini uone kama umetuna, akiwa ametulia na ameketishwa, maana utosi wa mtoto anayelia hutuna hata akiwa mzima. Mama akikwambia "amekataa ziwa, amelegea, na nikimbeba ndiyo analia zaidi," mwamini. Ukiona madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, usipoteze dakika.

2. Sukari na degedege

Pima sukari. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kwenye mshipa. Degedege likiendelea, diazepamu miligramu 0.5 kwa kilo kwa njia ya haja kubwa, na vifaa vya kumsaidia kupumua viwe mkononi.

3. Dozi ya kwanza

Kama maji ya mgongo ya kupimwa hayatatolewa ndani ya dakika chache, toa dawa ya kuua bakteria sasa. Vijidudu vinaweza kutoweka kwenye maji baada ya dozi, lakini seli nyeupe za damu hubaki, na jibu bado litapatikana. Seftriaksoni ni miligramu 100 kwa kilo mara moja kwa siku, isizidi gramu 4. Wapo wanaogawa 50 kila baada ya saa 12. Mimi sipendi, kwa sababu kwenye wodi yenye muuguzi mmoja dozi ya usiku ndiyo husahaulika. Isipite kwenye mpira mmoja na dripu ya Ringa. Walio chini ya miezi 2 wana utaratibu wao, usiwapigie hesabu hii.

Ukiwa zahanati, choma ampisilini miligramu 50 na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo msulini, kisha andika rufaa. Usingoje gari la kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC ndipo utoe dawa.

4. Maji ya mgongo

Hapa ndipo nilipopoteza saa 3 za usiku mmoja, miaka ya nyuma. Nilichoma mara 4, nikapata damu tupu, na mtoto akachoka nami nikachoka. Daktari aliyenipokea asubuhi hakugusa sindano kwanza. Alimbadilisha mtu aliyemshika mtoto. Akachoma mara 1, maji yakatoka.

Tangu siku hiyo nachagua wa kumshika mtoto kabla ya kuchagua sindano. Simpi mama kazi hii, ni kumtesa. Namtafuta muuguzi mwenye mikono imara, namwambia: mlaze ubavu, ukingoni mwa kitanda kigumu, godoro la kubonyea liondolewe. Kunja magoti na nyonga, mgongo utoke nje kama upinde, mabega na nyonga vikae wima bila kupinda. Shingo iache. Kuikunja kwa nguvu hakufungui pingili, na mtoto mdogo anaweza kuzibwa pumzi. Mtu wa tatu aangalie kifua tu.

Mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga moja hadi nyingine unapita pingili ya 4 ya kiunoni. Choma juu yake au chini yake, si zaidi ya hapo. Mdomo wa sindano uangalie dari, ncha ielekee kitovuni, na waya wa ndani usiutoe kabla ya kupita ngozi. Acha maji yadondoke yenyewe, matone 20 yanatosha. Usivute kwa sirinji.

Usichome kabisa kama mboni za macho hazilingani, mwili umekakamaa wote, pumzi zinakwenda ovyo, au ngozi ya mahali pale ina usaha. Endelea na dawa, maji yatasubiri.

Halafu kuna familia. Bibi wa yule mtoto wa Jumapili alikataa: "Mwanangu, wakishatoboa mgongo hatembei tena." Usimkatize. Msalimie, kaa naye chini, mwambie kamba ya neva imeishia juu ya tunapochoma, hapa chini ni nyuzi zinazoelea majini na sindano ikija zinasogea. Mwambie pia kinacholemaza ni ugonjwa wenyewe. Wengi wameona watoto wakifa baada ya kuchomwa kwa sababu walichomwa wamechelewa. Bibi yule aliuliza maswali 3, akakubali.

5. Kusoma maji

Yakiwa kama maji ya kuoshea mchele, umeshajibiwa. Yakiwa maangavu, subiri maabara. Yapeleke mwenyewe kwa miguu, wala yasiwekwe kwenye friji, baridi huua vijidudu vinavyotakiwa kuoteshwa. Seli nyeupe zaidi ya 100 kwa milimita moja ya ujazo, sukari ikiwa chini na protini juu, hiyo ni ya bakteria: siku 7 hadi 10 za dawa.

6. Kabla ya kumruhusu

Angalia kadi ya kliniki kama pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) na chanjo ya nimonia zimekamilika, kila moja dozi 3. Kisha masikio. Ugonjwa huu huziba usikivu kimyakimya, na mtoto wa miezi 9 hawezi kukwambia. Kupiga makofi nyuma yake uone kama atageuka hakutoshi, anaweza kugeuka kwa sababu ya upepo wa mkono wako. Mwandikie tarehe ya kupimwa usikivu ndani ya wiki 4, na namba ya simu ya mama uinakili kwenye daftari lako, si kwenye faili peke yake.