Kukagua kengele ya kanisa kabla chumvi haijaimaliza

Ukimwambia kondakta wa matatu akushushe Kengeleni, hapa Mombasa, umekwisha kuitaja kengele. Freretown, mtaa ambamo Kengeleni ipo, ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele yake ilipigwa kuwaonya wenyeji vyombo vya wafanyabiashara ya watumwa vikionekana. Bado ipo pale kando ya barabara. Wengi hupita bila kuinua macho. Mimi huinua, maana kazi yangu ni kupanda minara, na nikifika juu siangalii shaba kwanza. Naangalia chuma.

Kengele nzuri ni shaba sehemu nne hivi kwa bati sehemu moja. Hewa ya bahari huivika ukijani, na ukijani huo ni kinga, kwa hiyo usiukwangue wala usiipake rangi kengele ati ipendeze Pasaka. Kinachooza ni vyuma vilivyoishika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Beba tochi, gunia, nyundo ya mbao, brashi ya waya, spana, grisi, mafuta ya taa, unga wa chaki na vizibo vya masikio.

Hatua ya 1: Funga ulimi. Ni kile chuma kinachogonga kwa ndani. Uzungushie gunia, ukaze, kisha panda na kamba ya kupigia. Siku moja niliiacha ikining'inia chini, mtoto akaivuta kichwa changu kikiwa ndani ya kengele. Siku mbili nilisikia mbu tu.

Hatua ya 2: Ondoa viota. Kunguru wetu wa Mombasa hujenga hata kwa nyaya, nazo hujisokota kwenye beringi. Funika pua ukifagia mavi yao.

Hatua ya 3: Kagua kilele kwa ndani. Hapa usiwe na haraka. Kengele nyingi za zamani zina kitanzi cha chuma kilichozamishwa kwenye shaba wakati wa kusubu, na ulimi huning'inia hapo. Chuma kikishika kutu hutanuka, kwa kuwa kutu hudai nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Shaba yenye bati jingi hivyo haipindi, hupasuka. Ufa huanzia juu na kuteremka polepole, miaka mingi kabla sikio halijaugundua.

Mulika kuzunguka kitanzi. Ukiona michirizi ya rangi ya chai ya rangi, shuku. Pakaa mafuta ya taa, ngoja robo saa, pangusa hadi pakauke kabisa, kisha pulizia chaki. Penye ufa, mafuta yatachungulia tena na kuchora uzi mweusi juu ya ule weupe. Ukiuona uzi huo, kengele isipigwe. Na tafadhali, asiitwe fundi wa mageti na mashine yake ya kuchomelea. Moto wa mahali pamoja huzaa nyufa nyingine; kengele huungwa ikiwa imepashwa moto nzima tanuruni, na ni kazi ya mabingwa wachache.

Hatua ya 4: Pima kwa kidole mahali ulimi unapogonga, kwenye mdomo ulionenepa. Pakiwa pamelika sana, kengele igeuzwe ili igongwe pengine. Hata Big Ben ya London ilifanyiwa hivyo: ilipasuka 1859 kwa nyundo nzito kupita kiasi, ikageuzwa kidogo, ikapewa nyundo nyepesi. Ufa wake ungalipo, na inalia.

Hatua ya 5: Sugua bolti, kaza, tia grisi kwenye beringi. Kamba ya katani hufupika ikilowa, basi wakati wa masika iachie ulegevu.

Hatua ya 6: Fungua gunia, ziba masikio, gonga mdomo taratibu kwa nyundo ya mbao. Kengele nzima huvuma kwa muda mrefu, sauti nene ikibaki nyuma baada ya zile nyembamba kufifia. Iliyopasuka hulia kama sufuria. Teremka, mwambie mzee wa kanisa aipige mara tatu, nawe simama ng'ambo ya barabara usikilize.