Mtoto wa paka anaharisha? Mpashe joto kwanza

Kama unalea watoto wa paka wasio na mama na mmoja ameanza kuharisha, usikimbilie kumnyonyesha. Mshike masikio na tumbo. Akiwa wa baridi, tumbo halisagi kitu na maziwa yatachachia humo humo. Mweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo mpaka apate joto, ndipo umpe kidogo kidogo, amelala kifudifudi, kamwe si chali. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Tafuta ya unga ya watoto wa paka. Panadol usimpe kabisa, huua paka. Fizi zikikauka au akigoma kunyonya, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, tafadhali. Wadogo hawa huishiwa maji mwilini haraka mno.