Kabla hujaenda kutembea Sekenke

Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, ndiko Wajerumani walikofungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909. Dhahabu ya huko ndiyo iliyotumika kutengeneza ile sarafu ya rupia 15 yenye tembo, Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imeshawabana. Kwa anayependa historia, panatosha kutembea kutwa nzima. Ila ardhi ile imechimbwa zaidi ya karne na bado inachimbwa, kwa hiyo jiandae ipasavyo.

Kubwa kuliko yote ni majira. Nenda kiangazi, Agosti au Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na kulala. Masika yakiisha, nyasi huwa zimesimama na kuficha kila kitu, na duara la zamani, yaani shimo la wachimbaji, halina uzio wala kibao. Matimba, yale magogo yaliyoshikilia kingo, yameliwa na mchwa. Juu unaona udongo mgumu, kumbe chini umeshamomonyoka. Ndiyo maana nasisitiza usisogee kuchungulia, hata kwa tochi. Kuingia ndiyo kabisa usithubutu, maana hewa iliyopungukiwa oksijeni haina harufu ya kukushtua. Mwenzako akitumbukia, usimfuate chini. Piga 114, Zimamoto, na waite wachimbaji wa karibu wenye kamba na uzoefu.

Hapo ndipo umuhimu wa mwenyeji unapoonekana. Pita kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe, uombe mtu wa kukuongoza, na malipo yake mpatane kabla ya kuondoka. Mchimbaji wa siku nyingi anajua duara lipi limefukiwa na lipi limefunikwa magogo tu, na akikwambia zunguka, zunguka. Jiwe usiokote, hata dogo: eneo lina mwenye leseni, na kokoto moja mfukoni yaweza kukuletea kesi. Picha nazo, omba kwanza.

Maji beba ya kutosha, lita 4 kwa mtu si nyingi kwa jua la kule. Usitegemee madimbwi ya karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wachimbaji hunasia dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu, na haiondoki kwa kuchemsha maji. Yale malundo ya mchanga laini, marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yasiwe pa kukalia wala kulia chakula, na watoto wasiyachezee. Ukikuta dhahabu inachomwa, kaa mbali, upande upepo unakotokea. Mvuke wa zebaki huuoni.

Viatu viwe vya kufunika kifundo, maana kifutu hulala njiani bila kukimbia. Kofia pana, suruali ndefu, basi.

Kutoka Dodoma usijaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lala Singida mjini au Shelui, anza kutembea alfajiri, na saa tisa alasiri uwe umeshatoka kwenye maduara. Nyumbani waachie jina la kijiji, namba ya mwenyeji wako na saa ya kurudi, kwa kuwa simu yako yaweza kukosa mtandao.