Gharama za kuchunguzwa ADHD na kuishi nayo: fedha inapokwenda na namna ya kuibana

Anayeulizia gharama ya ADHD, hali ya kukosa umakini, kuhangaika na kukurupuka kupita kiasi, kwa kawaida huuliza jambo moja: kumwona mtaalamu ni kiasi gani? Ni swali la haki, ila jibu lake halitoshi kupangia bajeti. Uchunguzi hulipiwa mara moja. Dawa, kliniki za marudio, faini za bili zilizosahaulika na vitu vinavyonunuliwa mara mbili hulipiwa mwezi baada ya mwezi. Tena fedha nyingi hupotea kwa kukosea mpangilio: mtu analipia kipimo ghali kabla ya kile rahisi, au ananunua dawa ya miezi mitatu kabla ya kujua dozi yake. Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima kwanza, ndipo uweke miadi.

Hesabu ya mwaka wa kwanza

Chukua karatasi, andika mistari hii: mahudhurio ya uchunguzi, ambayo kwa kawaida ni 1 hadi 3, ripoti ya maandishi, vipimo vya mwili kabla ya dawa, mahudhurio ya kupandisha dozi, tenga 3 hadi 6 ndani ya miezi 2 au 3, dawa za miezi inayobaki, kisha marudio kila miezi 6. Ongeza nauli na siku za kazi utakazokosa. Kwa mtoto zidisha nauli kwa wawili.

Mbele ya kila mstari andika bei uliyoambiwa na kituo chenyewe, si ya kukisia. Mstari unaosahaulika kuliko yote ni ule wa kupandisha dozi. Watu hulipa uchunguzi kwa akiba yote waliyonayo, wanapata jibu, halafu wanakwama dozi ya kwanza kwa sababu hawana ya kumrudia daktari. Dozi ya kwanza huwa ndogo makusudi. Karibu kila mtu huhitaji kubadilishiwa.

Jumla ikikushinda, usiache. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya umma huwa na foleni ndefu na bei ndogo. Kliniki za vyuo vinavyofundisha udaktari na saikolojia huchunguza watu kwa mkono wa wanafunzi wa ngazi ya juu wanaosimamiwa na mtaalamu; huchukua muda zaidi, lakini mara nyingi ni kazi makini kwa sababu msimamizi hupitia kila hatua. Jiandikishe kwenye foleni hiyo leo, hata kama unaendelea kutafuta kwingine. Kujiandikisha hakukufungi popote.

Mwenye bima apige simu kabla ya miadi na kutaja msimbo wa ugonjwa: F90 kwa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, au 6A05 kwa toleo lake jipya, ICD-11. Ukiuliza tu "mnalipia afya ya akili?" utajibiwa "ndiyo", kisha dai lako litakataliwa. Uliza kama wanataka rufaa ya daktari wa kawaida, kama wanahitaji kuidhinisha kabla ya huduma, na kama kuna kikomo kwa mwaka. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Yafanye haya bila kulipa

Dodoso la watu wazima liitwalo ASRS lilitengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, na linapatikana bure. Sehemu yake ya kwanza ina maswali 6; majibu 4 au zaidi yakiangukia upande wenye kivuli, kuna sababu ya kuendelea. Kwa watoto, dodoso la Vanderbilt na la SNAP-IV nayo ni ya bure, na kila moja hujazwa na mzazi na pia na mwalimu. Dodoso si hukumu. Mtu asiyelala vizuri kwa miezi, au mwenye wasiwasi uliopitiliza, anaweza kuvuka alama hizo bila kuwa na ADHD.

Sasa kusanya ushahidi, maana hapa ndipo unapookoa hudhurio zima. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013, unataka dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kuhangaika na kukurupuka. Kwa mwenye miaka 17 na kuendelea zinatosha 5. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi zilionekana kabla ya miaka 12, zinatokea sehemu mbili au zaidi kama nyumbani na kazini, na zinaharibu maisha kwa namna inayoonekana. Mtaalamu lazima athibitishe kila kipengele. Usipomletea ushahidi atakupangia siku nyingine ya kuuleta, nayo utailipia.

Leta ripoti za shule za msingi, hasa maoni ya walimu, kwa sababu "ana akili lakini hatulii" lina uzito kuliko alama za mtihani. Leta ndugu aliyekuona ukiwa mdogo, au namba yake ya simu na saa atakayopatikana. Andika ukurasa mmoja wenye mifano halisi: tarehe ya bili iliyopitwa, kazi uliyoachishwa na sababu yake, funguo ngapi umepoteza mwaka huu. Kuandika "nasahau sana" hakumpi daktari chochote cha kupima. Ongeza orodha ya dawa unazotumia, saa unazolala, kahawa, pombe na bangi. Sema kweli, ukificha bangi, uchunguzi mzima unaweza kurudiwa.

Wasichana na wanawake wawe waangalifu zaidi hapa. Wengi wao huwa na aina ya kuzubaa, bila utundu wa kukimbiakimbia, na shule haikuandika lolote kwa sababu hawakumsumbua mtu. Kwao mifano ya nyumbani ndiyo inayobeba kesi: madaftari yaliyoanzwa na kuachwa, kazi ya saa moja iliyochukua usiku kucha, uchovu wa kujibana ili waonekane sawa na wengine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Omba bei kwa maandishi, ikiwa imechambuliwa. Je, imejumuisha mahojiano, madodoso, siku ya kupewa majibu na ripoti, au ripoti ina bei yake? Barua ya shule au ya mwajiri ni kiasi gani? Anayechunguza ana leseni ya kuandika dawa? Hili la mwisho ni zito. Mwanasaikolojia anaweza kukuchunguza vizuri kabisa, lakini nchi nyingi hazimruhusu kuandika dawa, hivyo utamlipa daktari mwingine, na daktari huyo anaweza kukataa ripoti ya mtu asiyemjua na kuanza upya. Mpigie daktari wa dawa kwanza, umuulize ripoti za nani anazikubali. Shule, chuo au bodi ya mitihani nayo iulizwe hivyohivyo: wanataka ripoti isainiwe na nani, na isizidi umri gani.

Mahojiano ya dakika 15 yasiyogusa utoto wako hayatoshi, hata yakiwa ya bei nafuu. Ripoti ya namna hiyo hukataliwa na wengine, nawe unalipa mara mbili.

Vipimo usivyovihitaji

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ADHD. Picha ya ubongo haithibitishi, wala kipimo cha mawimbi ya ubongo. Kipimo cha kompyuta cha umakini kinaweza kumsaidia mtaalamu, lakini peke yake hakitoi jibu. Ukiambiwa kimojawapo ni lazima ili upate majibu, uliza kinatafuta nini hasa. Daktari anayeshuku kifafa cha kuzubaa ana sababu nzuri ya kupima mawimbi ya ubongo. Kifurushi kinachouzwa kwa kila anayeingia mlangoni hakina sababu hiyo.

Mfululizo kamili wa vipimo vya akili na ujifunzaji, wa saa nyingi, ndio mzigo mkubwa kuliko wote kwenye bei. Hauhitajiki ili kutambua ADHD. Unahitajika pale ambapo mtoto anashindwa kusoma au kuhesabu kwa namna isiyoelezeka na umakini peke yake, au pale shule inapoudai ili itoe muda wa ziada wa mtihani. Kama hakuna kati ya hayo, uahirishe.

Kuna vipimo vidogo vinavyostahili fedha yako mapema: macho na masikio kwa mtoto, damu kama kuna dalili za upungufu wa damu au za tezi ya thairoidi, na uchunguzi wa usingizi kwa anayekoroma na kukatika pumzi usiku. Hali hizi hufanana na ADHD, au huizidisha, na baadhi ni rahisi kutibu. Sonona na wasiwasi pia hutafutwa, kwa sababu vinaweza kuwepo pamoja nayo na kubadili mpango wa tiba.

Kabla ya dawa za kuchangamsha ubongo hupimwa presha, mapigo ya moyo, uzito, na urefu kwa mtoto, pamoja na kuulizwa historia ya moyo katika ukoo. Kipimo cha umeme wa moyo si cha kila mtu. Huhitajika kwa aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi, mwenye kasoro ya moyo, au mwenye ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana. Mweleze daktari historia hiyo bila kungoja uulizwe.

Dawa: mahali pa kuokoa na mahali pa kutothubutu

Methilifenideti ni mojawapo ya dawa za kuchangamsha ubongo. Ile ya kawaida hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4, hivyo humezwa mara mbili au tatu kwa siku. Ile inayoachiliwa polepole hudumu saa 8 hadi 12 na kwa kawaida ni ghali zaidi. Nafuu ya bei ya ile ya kwanza ni ya kweli, lakini dozi ya mchana ndiyo inayosahaulika na mtu ambaye tatizo lake ni kusahau. Ukiichagua, weka kengele ya simu na kikasha chenye vyumba vya siku 7. Vidonge vya kuachiliwa polepole usivivunje wala kuvitafuna ili kubana matumizi: dawa yote hutoka kwa mkupuo.

Wakati wa kupandisha dozi nunua ya wiki 1 au 2 tu, kwani athari ya dawa hizi huonekana mapema, siku hiyohiyo au ndani ya wiki. Atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo ya kundi hilo, ni kinyume chake. Inahitaji wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, ndipo ijulikane kama inafaa. Anayeianza akaiacha siku ya kumi amepoteza fedha yake yote bila kujua kama ingemfaa. Guanfasini na klonidini, dawa nyingine za ADHD, haziachwi ghafla hata fedha ikiisha, kwa sababu presha inaweza kupanda kwa kishindo. Piga simu kliniki kabla hazijaisha.

Dawa jeneriki, yaani nakala isiyo na jina la kampuni iliyoianzisha, ina kiambata kilekile, kwa hiyo iulizie daima. Ila kwa methilifenideti ya kuachiliwa polepole, viwanda tofauti huiachilia kwa mwendo tofauti, na mtu anaweza kuona jioni imebadilika. Duka likikubadilishia, andika tarehe na ulichokiona kwa wiki moja, kisha mwambie daktari.

Methilifenideti iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kwa sababu hiyo cheti cha dawa huwa na muda mfupi, na huenda usiruhusiwe kuchukua mapema. Omba kipya zikibaki siku 10, si 2. Ukisafiri nje, beba barua ya daktari, dawa ikiwa kwenye kasha lake, na uulize ubalozi kwanza; kuna nchi zinazozuia dawa ambazo kwenu ni halali.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, mafunzo ya malezi kwa wazazi hutangulia dawa. Ya kikundi hugharimu kidogo kuliko ya mtu mmoja mmoja. Virutubisho, vipimo vya mzio wa chakula na mazoezi ya ubongo ya mashine huuzwa kwa bidii kubwa na yana ushahidi dhaifu. Yasile fedha ya marudio.

Fedha inayovuja nyumbani

Hapa ndipo ADHD inapokula mshahara kimyakimya. Anza na bili zenye faini: ziweke zilipwe zenyewe siku moja baada ya mshahara kuingia, si mwisho wa mwezi. Fungua akaunti ya pili ya matumizi na ujipelekee fedha ya wiki, kila wiki. Fedha ya mwezi mzima ikikaa mahali pamoja huonekana nyingi tarehe 3 na imeisha tarehe 18.

Futa kadi iliyohifadhiwa kwenye simu na maduka ya mtandaoni. Unachokitaka kiandike kwenye orodha, ukingoje saa 48. Ukijiunga na huduma ya majaribio ya bure, ikatishe saa hiyohiyo. Mara nyingi utaendelea kuitumia hadi siku zake ziishe.

Chakula nunua cha siku 3, hata kama jumla ina nafuu, kwa sababu nafuu hiyo huishia kwenye pipa la taka. Kinachoharibika kiwe mbele, usawa wa macho. Mara moja kwa wiki kaa nusu saa na mtu unayemwamini, kila mmoja na kazi yake, ufungue barua na kulipa yaliyobaki. Hana haja ya kukusaidia. Kuwepo kwake kunakuzuia kuinuka.

Usinunue programu tano na shajara tatu. Kalenda moja inatosha, yenye kengele mbili kwa kila miadi: moja ya jana yake, nyingine ya saa ya kutoka nyumbani. Vituo vingi hutoza hudhurio lililokosekana, na vya umma vinaweza kukurudisha mwisho wa foleni, kwa hiyo miadi ya daktari ndiyo ya kwanza kuingia humo. Kila mwaka muulize daktari kama dozi bado inafaa, kama dawa bado inahitajika, na kama mahudhurio yanaweza kupunguzwa au kufanywa kwa simu, mradi presha, mapigo ya moyo na uzito uvipime karibu na nyumbani na kuvituma.